Nimefuta python3, Sijafuta Linux: Sikilizeni na Upande Wangu

Yule jamaa anayesambaza picha akidai kwamba nimefuta mfumo mzima wa Linux ni mwongo. Kernel, yaani kiini cha mfumo, ilibaki. Mengine aliyosema, haya, tuyazungumze.

Diski ilikuwa imejaa pomoni na Ubuntu, ndiyo Linux ya kompyuta yangu, inanilalamikia kila nikiwasha kompyuta. Nikasema leo ni leo, ni usafi tu. Kupekua orodha ya programu, nakutana na python3, inayoendesha programu za lugha ya Python. Mimi siandiki Python, sijawahi. Sasa huyu mgeni anakaa kwangu kwa kazi gani? (Mnaocheka mapema hivi, zamu yenu inakuja.)

Nikaandika `sudo apt autoremove --purge python3`, nikaweka nenosiri kwa madaha.

Apt, ile zana ya kusakinisha na kuondoa programu, kwa adabu zake zote, ikanitandikia orodha ya vitakavyoondoka. Ndefu, imejaza skrini mpaka juu ikapotelea huko. Humo yamo majina ninayoyajua: ubuntu-desktop (eneo-kazi lote), gdm3 (skrini ya kuingilia), gnome-terminal (dirisha la kuandikia amri), network-manager (mtandao). Niliyaona, jamani, nisiwafiche. Ila moyo ulikuwa chini, kwenye mstari unaotaja nafasi nitakayopata. Gigabaiti mbili na ushee! Kisha `[Y/n]`, Y kubwa, yaani mashine yenyewe inanishauri nikubali. Nikabonyeza Enter.

Mistari ikaanza kushuka. `Removing gnome-terminal ...` Nikasita. Si ndiyo hii ninayoisomea? Dirisha lilikuwa linajitangazia msiba wake lenyewe, na halijali. Ikaja `Removing network-manager ...` Nikainua macho pembeni: alama ya Wi-Fi haipo. Nikaanza kubonyeza Ctrl+C, kwa kidole, kisha kwa kiganja kizima. (Wataalamu mnaotaka kuniambia kwamba kukatiza dpkg, anayemfanyia apt kazi chini kwa chini, katikati ya kazi ni hatari zaidi: asanteni, mlikuwa wapi?) Haikusikia. Ikapita ubuntu-desktop, vikapita vitu ambavyo hata sikujua ninavyo, halafu kimya. Kishale kikarudi kinapepesa, kama vile hakuna kilichotokea.

Nikawasha upya, maana mtu akichanganyikiwa hana kingine cha kufanya.

Skrini nyeusi tii. Maandishi meupe: `login:`

Kumbe mimi siandiki Python lakini Ubuntu inaitumia kila kona. Zana zake nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo, na hata hiyo gnome-terminal imo kwenye orodha ya wanaoitegemea. Ukiiondoa, apt inaondoa kila anayeitegemea, halafu autoremove inafagia waliobaki bila mwenyewe. Na lau ningeongeza `-s` kwenye amri ileile, ingeigiza tu, inaonyesha kila kitu bila kugusa chochote. Herufi moja, wadau!

Kuokoa jahazi: simu kwa kebo ya USB, nikawasha kushiriki intaneti, programu ya dhclient ikaomba anwani ya mtandao, `sudo apt install ubuntu-desktop`, nikasubiri. Vilivyosalia nikavisoma kwenye `/var/log/apt/history.log`, ambako kila kilichoondoka kimeandikwa kwa jina, pamoja na saa ya tukio na amri yangu yenyewe. Rafiki yangu ndiye aliyenielekeza kwenye faili hilo, na hapo ndipo alipopiga ile picha mnayotumiana.

Jioni nikaendesha `du -sh *` ndani ya folda ya vipakuliwa kujua nani hasa alijaza diski. ISO ya Ubuntu, lile faili la kuisakinishia. Nakala nne.