USS Cole mpaka miaka 40: chuma kitavumilia, je waliomo ndani?

Tarehe 31 Oktoba 2024 jeshi la majini la Marekani lilitangaza kwamba destroya (manowari) zake 12 za toleo la kwanza la aina ya Arleigh Burke hazistaafu tena kwa muda uliopangwa, zinaongezewa, ukijumlisha zote ni miaka 48, na humo ndani imo USS Cole iliyopewa mitano. Meli hii ilianza kazi Juni 1996, ilipangiwa miaka 35 kwa hiyo ilikuwa iondoke 2031, sasa inaenda mpaka 2036. Kuna wanaoona ni akili kubwa na kuna wanaosema Marekani imeishiwa meli ndo maana inang'ang'ania za zamani. Mi naona kila upande una pointi yake, ila wote wanabishana kuhusu umri wa chuma tu.

Kwa asiyekumbuka, Cole ndo ile iliyolipuliwa bandari ya Aden, Yemen, 12 Oktoba 2000. Ilikuwa imesimama kujaza mafuta, kiboti kidogo chenye watu wawili kikasogea ubavuni kikalipuka, likabaki tundu la kama mita 12 kwa 18, na bahati mbaya ni upande wa jikoni saa ambayo watu walikuwa wanaenda kuchukua chakula cha mchana. Walikufa mabaharia 17. Meli haikuzama, na hapa ndo wapenzi wa meli hizi wanapoanza kusifia jinsi ilivyoundwa, kweli ni chuma karibu yote, vyumba vimegawanywa vizuri, sawa. Lakini jamani, zile siku zilizofuata umeme ulikuwa umekatika, joto la Aden mnalijua, maji yanaingia, wakayadhibiti, halafu usiku yakaanza kuingia tena na pampu hazina umeme, wakashika ndoo, watu wamejipanga wanapokezana ndoo gizani na wenzao waliokufa bado wako humohumo ndani. Chuma peke yake kisingeiokoa ile meli. Baadaye ikabebwa juu ya meli kubwa ya Norway, Blue Marlin, mpaka Pascagoula, Mississippi, kulekule ilikoundwa, ikatengenezwa kwa dola kama milioni 250, na Aprili 2002 ikarudi majini. Ndani yake kuna njia yenye nyota 17 sakafuni.

Haya, wanaounga mkono kuongezewa muda. Hoja yao kubwa ni idadi, na sioni wa kuwapinga hapo. Destroya mpya ya aina hiihii inazidi dola bilioni 2 na inachukua miaka kuundwa, huku kazi haisubiri. Tangu Oktoba 2023 Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoanza kurusha droni na makombora Bahari ya Shamu, meli za kontena zikaanza kukimbia mlango wa bahari wa Bab el Mandeb kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na sisi wa Mombasa na Dar tunajua mzigo ukichelewa nani analipa. Aliyeenda kupambana kule mwanzoni ni USS Carney, ya 1996 hiyohiyo. Na Cole yenyewe, tarehe 1 Oktoba 2024, mwezi huohuo wa tangazo, ilirusha makombora ya kuzuia pamoja na USS Bulkeley wakati Iran inaishambulia Israel. Sasa meli ya namna hiyo unaipeleka kwenye chuma chakavu kwa sababu kalenda imesema? Walishafanya hivyo na destroya za aina ya Spruance, 31 zile, zikaondolewa zote mpaka 2005 nyingi zikiwa bado na nguvu, halafu nyingine wakazizamisha wenyewe kwenye mazoezi ya kulenga shabaha. Hata mimi ule uamuzi sijawahi kuuelewa.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Matoleo haya ya kwanza yana sehemu ya helikopta kutua lakini hayana banda la kuilaza, rada zake ni za kizazi cha zamani, na kuna mfano mbaya wa karibuni, kruza, yaani manowari za aina nyingine, za Ticonderoga. Zilichaguliwa 7 za kufanyiwa ukarabati mkubwa, zikala dola bilioni 3.7, halafu 4 kati yake zikastaafishwa kabla ya kufanya safari hata moja ya kazi, dola bilioni 1.84 zikaenda na maji.

Jeshi linajibu kwamba safari hii ni tofauti, kila meli imeangaliwa peke yake na muda ulioongezwa unaishia kabla haijahitaji kupandishwa tena chelezoni kwa matengenezo makubwa. Ndo maana Cole imepata mitano na Carney mmoja tu. Kwa mhasibu hilo ni jibu zuri. Lakini fikiria kidogo, ukikwepa chelezo meli inazeeka vilevile, kutu haijui bajeti, mabomba yanavuja, spea za mitambo ya miaka ya 90 zinakuwa adimu, na anayeziba ni nani kama sio kijana mwenye spana chini kule akiwa safarini? Yaani gharama imehamishwa tu. Na hao vijana wenyewe hawatoshi, GAO ambao ni wakaguzi wa Bunge la Marekani walisema Septemba 2024 kwamba kufikia Novemba 2023 meli na nyambizi zilipungukiwa na mabaharia karibu 14,000.

Uchovu kwenye meli hizi sio nadharia. Katika hizo 12 imo USS John S. McCain, iliyogongana na meli ya mafuta karibu na Singapore Agosti 2017 wakafa 10, miezi miwili tu baada ya USS Fitzgerald kugongana na meli ya mizigo Japani wakafa 7. Uchunguzi wa McCain ulikuta watu hawajafundishwa vizuri mitambo ya usukani na walikuwa hawajalala vya kutosha.

Kwa hiyo mi siko upande wa wanaotaka Cole iondoke 2031, ila mitano ningeitoa kwa sharti, meli isitoke bandarini ikiwa na pengo la mafundi wa injini na umeme, na safari zikirefushwa kama zilivyorefushwa Bahari ya Shamu basi ipunguziwe safari inayofuata. Hilo likishindikana ningeipa mitatu kama USS Barry na The Sullivans, basi.