Tusiusahau mwili wa mgonjwa wa akili
Makala niliyoisoma kuhusu kazi ya wauguzi wa afya ya akili imeeleza vizuri jinsi wanavyotuliza wagonjwa na kuwapa dawa, ila imeusahau mwili. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba wenye maradhi makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, mara nyingi kwa magonjwa yanayozuilika. Dawa za akili kama olanzapini hunenepesha na huweza kupandisha sukari ya damu, lakini mgonjwa akilalamika kiu, ambayo ni dalili ya sukari kupanda, huambiwa ni akili yake tu. Kaka yangu alikunywa maji jagi kwa jagi usiku kucha, hadi muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alipomtoboa kidole na kukuta sukari imefika milimoli 22 kwa lita, kiwango cha juu mno. Muuguzi apewe mizani, mashine ya presha na kipimo cha sukari, pamoja na muda wa kuvitumia.