Kibali cha ufuoni kiulize taa na maji taka

Huku Watamu ukitaja kibali cha ujenzi, kila mtu ana lake. Mwenye hoteli atakwambia karatasi zimemchosha: kaunti ya Kilifi, NEMA ya mazingira, KWS ya wanyamapori na hifadhi. Mwenye nyumba ya makuti huko nyuma ya barabara hata hajui aanzie ofisi gani. Wote wanalia na urefu wa safari. Mimi nalia na kinachoulizwa njiani.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hujengi bila kibali cha kaunti. Ukipatikana umejenga bila hicho, faini ni hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au yote mawili. Lakini sheria hiyohiyo inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa umekubaliwa. Kwa anayejenga vyumba viwili kule Gede, sina neno, tena nashukuru. Kwa jengo linalotazama hifadhi ya bahari, naogopa. Ofisa aliyelemewa na mafaili atakuwa amepitisha ghorofa kwa kunyamaza tu.

Hifadhi yetu ilitangazwa 1968, pamoja na ile ya Malindi. Kasa hupanda ufuoni usiku, wakachimba, wakataga, wakarudi majini. Vitoto vikitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kiasili ni baharini. Siku hizi mwanga mkubwa unatoka kwenye baa na bwawa la kuogelea, basi vinageuka na kupanda kuelekea bara, na jua likichomoza vimeshakauka au kunguru wamevifikia. Ukuta wa hoteli ungeweza kujengwa kwa vipimo vyote sawasawa, na taa moja iliyoelekezwa vibaya ikaharibu kila kitu.

Maji taka nayo ni vilevile. Sehemu kubwa ya ardhi ya ufuoni hapa ni mwamba wa matumbawe, una matundu tele. Unachomwaga shimoni hakikai shimoni.

Kwa hiyo kwa viwanja vya mstari wa mbele, kimya kisihesabiwe kuwa jibu. Ramani ionyeshe taa za nje zinamulika wapi na maji ya chooni yanaishia wapi, na watu wa hifadhi waikague kabla kaunti haijagonga mhuri. Mwenye nyumba ndogo bara apunguziwe mzigo, fomu moja na ada ndogo, yaishe.

Na asiye na hati ya ardhi? Huku pwani ni wengi, wamezaliwa kwenye shamba ambalo babu alizikwa humohumo. Fomu inataka uthibitisho wa umiliki, basi hata kuomba hawezi. Sitaki kumsikia akiitwa mvunja sheria na mtu ambaye ukuta wake unapigwa na maji ya bamvua.