Bibi Yetu Hayumo Kwenye Shajara

Alhamisi usiku Ami yangu alituma shajara ya ukoo, yaani mti wa nasaba yetu, kwenye kundi letu la WhatsApp. Kazi ya miaka mitatu hiyo. Ameshinda Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, amepekua hati za wakfu, amepiga simu Maskati kwa watu asiowahi kuwaona. Mashallah imepangika, jina kwa jina, tangu babu aliyeshuka Unguja kutoka Oman mpaka vitukuu waliozaliwa mwaka jana. Dua zikamiminika. Mimi nikakaa nayo mpaka saa saba, nikihesabu. Majina 143. La mwanamke hata moja.

Naandika nikiwa bado na uchungu.

Maana yule babu hakuja Pemba na mke, na hilo kila mmoja wetu analijua. Alikuwa na shamba Unguja, kimbunga cha 1872 kikaing'oa mikarafuu yake kama kilivyoing'oa ya wengine, na kwa kuwa Pemba ilisalimika akavuka kuja kuanza upya huku. Aliyemzalia ni suria, mjakazi wa kuzaa na bwana wake, msichana aliyeletwa kutoka bara kwa njia ya Kilwa. Akazaa mtoto mmoja wa kiume, na ukoo mzima ni uzao wa mtoto huyo. Sote tumepita tumboni mwake, na kwenye karatasi hana hata pembe ya kuegemea.

Nilimpigia Ami kesho yake. Akanijibu kwa upole, ndivyo alivyo: "Mwanangu, mengine yana sitara yake." Kisha akaongeza kwamba soko la watumwa lilikwishafungwa 1873, kwa hiyo pengine hakuwa suria, pengine alikuwa mke tu.

Soko la Mkunazini lilifungwa, ndiyo. Majahazi hayakufungwa. Mwaka 1881, miaka minane baadaye, nahodha wa Kiingereza Brownrigg aliuawa hapa hapa bahari ya Pemba akitaka kulikagua jahazi lililokuwa na watumwa. Na amri ya 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje. Wao walingoja mpaka 1909. Amri ilimruka bibi yetu akiwa hai, na leo wajukuu zake tunamruka tena.

Sitara naijua, nimelelewa nayo. Sitara ni kumfunika mtu aibu yake. Nataka niambiwe aibu ya huyu bibi ni ipi. Kuibwa? Kuuzwa? Aliyeibwa hana la kuonea haya. Tunakwenda Makka, tunatoka Safa kwenda Marwa mara saba, wanaume wazima wanatokwa na jasho na machozi, na nyayo tunazozifuata ni za nani? Za Bibi Hajar, mjakazi, aliyekuwa akimtafutia mwanawe maji. Hapana hija wala umra bila mbio za mama yule. Na masharifu wetu, tunaowabusu mikono, wanafika kwa Mtume kwa kupitia kwa nani kama si Bibi Fatma? Tukirudi nyumbani tunasema nasaba haipiti kwa mwanamke, na mjakazi hatajwi.

Hata kasri haikuficha. Sayyid Said, Sultani wa Unguja, alipofariki 1856 aliacha watoto 36, wote wa masuria. Majid na Barghash waliotawala baada yake ni wana wa masuria. Basi sisi wachuma karafuu wa Wete tunamficha nani?

Nakubali, shajara ya kuumeni ina kazi yake. Bila hati zile wakfu wa babu ungekwishaliwa zamani, na mirathi na uwalii wa ndoa havijui porojo. Nampa Ami haki yake. Ila hiyo ni karatasi ya kadhi. Asiiite ukoo.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya mifupa ya kale kutoka makaburi ya pwani yetu, Mtwapa na Manda miongoni mwake. Kuumeni walikuta Uajemi kwa wingi, kukeni karibu yote Afrika. Watu waliozikwa karne nyingi zilizopita wana mama zao mifupani, sisi tulio hai tumewafuta kwa kalamu.

Kwetu upo wimbo wa kubembelezea watoto. Shangazi alituimbia, yeye aliimbiwa na bibi yake. Ndani yake mna neno "mwanache", linarudi rudi. Utotoni tulidhani ni jina la mtu, Mwana Che, mwanamke fulani wa zamani anayeitwa asije akachelewa. Mwaka juzi nilikuwa nambembeleza mwanangu hospitali, na muuguzi mmoja, mwenyeji wa Tunduru, akasimama mlangoni na trei yake mkononi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada, hilo neno umelipata wapi? Kwetu Wayao, mwanache ni mtoto."

Nililia pale pale. Hati za Kilimani hazina neno hilo. Limetoka ng'ambo ya Kilwa, huko kwenye njia za Ziwa Nyasa, likavuka bahari ndani ya kinywa cha msichana asiyekuwa na kitu kingine cha kubeba, likapita kinywa kwa kinywa cha wanawake mpaka likamfikia mwanangu.

Jumamosi nikaenda kwa Shangazi. Alikuwa kwenye jamvi anachambua karafuu, makonyo upande huu, karafuu upande huu. Nikamweleza kwamba nataka kumwandika bibi, lakini jina tunalolijua ni la kupewa na bwana, kama kina Faida na kina Mabruki. La kwao halijulikani. Niandike lipi?

Hakuinua kichwa. Akachambua vishada viwili vitatu.

"Andika hilo hilo. Ndilo alilokufa nalo, na ndilo tunalomsomea hitima kila Shaaban, sisi wa uani. Ami yako kila mwaka anakula wali wake hapo mbele."