Kanda ya VHS isipoteze uhai wake kwenye kompyuta

Kuhamisha kanda za VHS kwenda kwenye kompyuta ni kazi ninayoithamini sana, na ndiyo maana inaniuma ikifanywa nusunusu. Mafaili mengi ninayoonyeshwa, ya harusi, maulidi na mahafali ya zamani, yamepoteza vitu ambavyo kwenye kanda bado vilikuwapo.

Kubwa kuliko yote ni mwendo. Televisheni zetu zilifuata mfumo wa PAL: mistari 625, ambayo 576 kati yake hubeba picha, na picha 25 kwa sekunde. Ila kila picha ilikuja kwa nusu mbili, mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa. Jicho lilipata nusu-picha 50 kila sekunde, ndiyo maana ngoma iliyorekodiwa kwenye kanda huonekana laini, haikatikikatiki. Skrini ya kompyuta huzionyesha nusu zote mbili kwa mpigo, ingawa kamera ilizinasa kwa nyakati tofauti kidogo, na mkono wa mpiga ngoma hutokeza ncha kama meno ya kitana.

Fundi mwenye haraka huitupa nusu moja. Ncha zinaondoka kweli, lakini zimeondoka na nusu ya mwendo wa wachezaji. Inavyopaswa, kila nusu ikamilishwe kuwa picha nzima, video itoke na picha 50 kwa sekunde. Programu za bure zinaiweza kazi hiyo, tena vizuri.

Halafu kuna kuvuta picha. Kanda ilirekodiwa kwa uwiano wa upana kwa kimo wa 4:3, fundi anaitandaza ijaze televisheni ya 16:9, na bibi harusi anapanuka uso. Pembeni paachwe peusi, hapana ubaya.

Sasa ukubwa wa faili. Saa moja ya video ya nukta 720 kwa 576 isiyobanwa hufika kama GB 75. Ikibanwa kwa mfumo wa DV, ule wa kamera za kanda za kidijitali, inabaki kama GB 13, na kwa FFV1, mfumo mwingine wa kubana video, inapungua bila kupoteza chochote cha picha. Mteja hupewa MP4 ya MB mia chache kwenye fleshi, basi. Jina MP4 peke yake halimwambii video imebanwa kiasi gani, na kilichoondolewa katika kubana hakirudi hata akinunua kompyuta ya namna gani.

Najua jibu la mafundi: mteja anataka kitu cha kutuma kwa simu, na diski ni ghali. Apewe hicho cha simu. Lakini diski ya TB 1 inabeba zaidi ya saa 70 za DV, yaani kanda zote za familia nyingi. Na kanda yenyewe haisubiri. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016; zilizobaki zinachakaa vichwa, na vipuri vinatafutwa kwenye deki zilizokufa. Huenda leo ndiyo mara ya mwisho kanda hiyo kuchezwa.

Kwa hiyo naomba studio ziweke bei mbili wazi: ya nakala ndogo ya simu, na ya faili kubwa la kutunza, mistari yake yote ikiwa ndani. Mteja aonyeshwe zote mbili kwenye skrini kabla hajalipa.