Mita 9 kwa siku

Kila linapozuka gumzo la safari za Mirihi, hakosekani mtu wa kuitaja Opportunity kwa kejeli. Gari lile la roboti la Marekani lilitua Mirihi Januari 2004, likanyamaza Juni 2018 katika dhoruba ya vumbi, na kwa miaka yote hiyo 14 likawa limetembea kilomita 45.16. Gawanya mwenyewe: haifiki mita 9 kwa siku. Konokono huipita mbali. Kisha hutolewa kete ya pili. Desemba 1972, wanaanga Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa safari ya Apollo 17 waliendesha gari lao Mwezini karibu kilomita 36 ndani ya siku 3, na muda wao wa kuwa barabarani (kama pana barabara huko) ulikuwa saa 4 na dakika 26 tu. Basi, husemwa, roboti zinatambaa, fedha zinateketea. Apelekwe binadamu kazi iishe.

Wanaosema hivyo si wajinga. Steve Squyres mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa utafiti wa Opportunity na gari pacha lake, Spirit, amekiri zaidi ya mara moja kwamba kazi inayofanywa na gari kwa siku nzima, mtu angeimaliza kabla ya dakika kwisha. Apollo 17 ilirudi na kilo 110 za mawe na udongo. Vijiwe ambavyo Perseverance, gari jipya zaidi la Marekani huko, imekuwa ikivitoboa na kuvihifadhi tangu 2021 bado viko Mirihi ndani ya mirija yake, vikingoja wa kuvifuata.

Ila hesabu ile ya mita 9 naona inasomwa kichwa chini miguu juu. Kwenye ardhi ngumu na tambarare, Opportunity iliweza kwenda sentimita 5 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kilomita 45 ni kazi ya saa 251, yaani siku 10 na nusu. Tuseme basi ilijikokota kwa robo ya mwendo huo: siku 42. Siku 42 kati ya zaidi ya 5,000! Hizo nyingine zote ilikuwa wapi? Ilikuwa imesimama mbele ya jiwe ikilisugua na kulipima. Au imejibanza kwenye mteremko unaoelekea jua, ikisubiri baridi ipite ili paneli zake zipate umeme wa kutosha. Au, na hili ndilo kubwa, ilikuwa inangoja kuambiwa la kufanya. Anayeitaja mita 9 kama kasi ya gari anampima mvuvi kwa umbali aliopiga makasia, samaki hawatazami.

Kungoja huko hakuepukiki. Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi, kutegemea sayari zetu zimekaribiana au zimepeana kisogo, na jibu nalo lina safari yake ya kurudi. Hakuna mtu awezaye kushika usukani namna hiyo. Wasovieti waliweza kwa gari lao la Mwezini, Lunokhod 2, mwaka 1973, kwa sababu Mwezi uko karibu: madereva walikaa Crimea, wakatazama picha za televisheni zilizochelewa sekunde chache, wakasukuma gari kilomita 39 kwa miezi michache. Kwa Mirihi, madereva walioko Pasadena, Marekani, huamka, huvaa miwani ya kuona picha kwa kina, huchunguza kila jiwe lililo mbele, huandika maagizo ya siku nzima na kuyatuma. Gari linapoanza kutembea wao hawaoni chochote. Kama limetumbukia, watajua baadaye.

Na kutumbukia si mfano wa kubuni. Machi 2005 Opportunity iliweka rekodi ya karibu mita 220 kwa siku, na wapenda kasi wa wakati ule walifurahi. Ilikuwa ikivuka uwanda wa Meridiani, penye vituta vya mchanga vilivyopangana kama viwimbi vya bahari shwari, na kwa kuwa mamia ya vituta ilikuwa imeshavivuka bila tabu, iliachwa iende ikihesabu mizunguko ya magurudumu yake. Mwezi uliofuata ilifika kwenye kituta kimoja ambacho kwa macho hakikuwa na tofauti na wenzake. Magurudumu yakaendelea kuzunguka. Kompyuta ikaendelea kuhesabu mita. Gari lenyewe lilikuwa palepale, linajichimbia. Picha zilipofika duniani zilionyesha magurudumu ya pembeni yamezama zaidi ya nusu.

Kulitoa kulichukua zaidi ya wiki 5. Wahandisi walichanganya mchanga na unga wa udongo hadi wakapata kitu laini kinachofanana na kile cha Mirihi, wakalizamisha gari la majaribio humo, na kujifunza namna ya kulitoa, kabla ya kuthubutu kuliagiza lile halisi lisogee. Lilisogea kwa sentimita. Tangu hapo, kwenye mchanga wa kutilia shaka, ikawa ni kwenda kidogo, kusimama, kupiga picha, kuilinganisha na ile ya kabla yake ili kujua kama kweli limesogea au linateleza tu. Mwendo wa namna hiyo ukiuona kwenye jedwali utauita uzembe.

Spirit, pacha wake, haikubahatika. Mei 2009 ukoko wa ardhi ulikatika chini yake, na haikutoka tena. Na hapo ilikuwa tayari ni gari kilema: gurudumu lake la mbele la kulia lilikufa mwaka 2006, ikawa inakwenda kinyumenyume ikiliburuta. Mwaka 2007 gurudumu hilo bovu liliparua ardhi na kufukua udongo mweupe ambao karibu wote ni silika, madini ambayo kwa wingi huo huachwa na chemchemi za moto au mvuke wa volkano. Ni miongoni mwa ushahidi mzuri tulio nao kwamba palikuwa na maji ya moto Mirihi, na ulifukuliwa na gurudumu lililokufa.

Warudi sasa wa Apollo, maana hadithi yao husimuliwa nusu. Nyundo ya Cernan ilinasa madigadi ya gari kwa bahati mbaya, ikaivunja, na vumbi la Mwezini, ambalo linakwaruza kama vioo vilivyosagwa, likaanza kuwamwagikia. Waliunganisha ramani kwa utepe wa gundi, wakazibana pale kama madigadi mpya. Hapo natoa kofia: roboti isingeweza. Lakini katika kilomita zote zile 36 hawakufika zaidi ya kilomita 7.6 kutoka chomboni mwao. Sheria ilikuwa kwamba gari likiharibika, waweze kurudi kwa miguu kabla hewa haijawaishia. Motokaa walikuwa nayo, mipaka yao iliwekwa na miguu.

Na kuwa na macho pale pale nako hakutoshi. Februari 1971 Alan Shepard na Edgar Mitchell wa Apollo 14 walipanda mlima wakivuta mkokoteni wa magurudumu mawili, wakitafuta ukingo wa shimo kubwa, kreta ya Cone. Kila kilele walichodhani ndicho, kilikuwa na kingine nyuma yake. Mwezini hakuna ukungu wala mti wa kumwonyesha mtu kipi kiko mbali na kipi karibu. Wakachoka, muda ukawaishia, wakageuza. Baadaye ikabainika walikuwa wamefika mita kama 30 tu kutoka ukingoni.

Upande wa pili una jibu zuri kuliko Apollo, nalo ni Perseverance. Katika miaka yake 4 ya kwanza ilipita kilomita 30, na Juni 2025 ilitembea mita 411 kwa siku moja. Basi polepole ya zamani haikuwa ya lazima? Kwa sehemu, hapana, haikuwa, na nakubali. Lakini tazama kilichobadilika. Kasi ya juu kabisa ya Perseverance ni sentimita 4.2 kwa sekunde, chini ya ile ya Opportunity. Umeme wake ni wati 110 hivi, mzigo wa taa mbili za mtindo wa zamani. Hata magurudumu yake yalisukwa upya kwa unene zaidi, baada ya yale ya gari lililoitangulia, Curiosity, yenye ngozi ya alumini ya milimita 0.75, kuanza kutobolewa na mawe yenye ncha mwaka 2013, mahali ambapo hapana fundi wa kubadilisha tairi. Lililoongezeka ni macho na akili: Perseverance huchambua picha za njia huku ikitembea, pale watangulizi wake walipolazimika kusimama ili wafikiri. Anayetaka magari yakimbie, adai kompyuta bora inayostahimili mnururisho wa angani. Injini haina kesi hapa.

Nasema hivyo nikijua kuna chombo kilichokwenda kasi kweli. Helikopta Ingenuity, yenye uzito wa kilo 1.8, iliruka mara 72 tangu Aprili 2021 ilhali ilipangiwa mara 5 tu, ikapita kilomita 17 kwa jumla ya saa 2 na ushei angani. Ilijielekeza kwa kamera iliyotazama chini, ikishika alama za ardhini, kijiwe hapa, ufa pale. Januari 18, 2024 ilijikuta juu ya vituta vya mchanga laini usio na alama yoyote ya kushika. Ikapoteza hesabu ya mwendo wake wenyewe, ikatua ikiwa bado inakwenda upande, mapanga yake yakavunjika. Wiki chache baadaye Perseverance iliipiga picha kutoka umbali wa mita 450 hivi, ikiwa imesimama peke yake kwenye mchanga ule, kisha ikaendelea na safari yake kwa sentimita zake 4.