Anyoni za atomu baridi: ni zenyewe au ni kiigizo?

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza jinsi walivyounda anyoni, yaani chembe zisizoingia katika makundi mawili ya kawaida, bosoni na fermioni, kwa atomu za rubidi zilizopoozwa karibu na sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa. Je, hizo ni anyoni kweli, au ni atomu za kawaida zilizovishwa tabia ya kuazima?

Bosoni mbili zikibadilishana nafasi, wimbi lao, yaani maelezo ya kihisabati ya hali yao, halibadiliki. Fermioni zikifanya hivyo, wimbi hugeuka ishara. Mwaka 1977 Jon Magne Leinaas na Jan Myrheim wa Norwe walionyesha kwamba kwenye bapa, yaani eneo la pande mbili tu lisilo na kimo, wimbi laweza kugeuka kwa pembe yoyote ya katikati. Siri ni kuzungukana: kumpita mwenzako kwa kulia si sawa na kumpita kwa kushoto.

Sasa, atomu za Harvard zilikuwa kwenye mstari mmoja, na kwenye mstari hakuna pa kuzungukia. Pembe ilitiwa kwa ufundi wa leza: atomu ikirukia kituo (nafasi moja kwenye mstari) chenye atomu nyingine, wimbi lake huongezewa pembe aliyoichagua mtafiti. Wanaopinga kuziita anyoni wana hoja nzito. Ulichokitia mwenyewe huwezi kusema umekigundua. Kinyume chake, katika semikonda (mata kama zile za chipu za kompyuta), majaribio ya mwaka 2020 huko Paris na Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, yalionyesha tabia ya anyoni ikizuka yenyewe kutoka kwa elektroni zinazosukumana ndani ya uga mkali wa sumaku.

Hata hivyo, hoja hiyo haimalizi mambo. Pembe ilitiwa, lakini matokeo yake hayakutiwa. Bosoni huandamana, fermioni hukwepana. Pembe ilipowekwa katikati na atomu zikaachwa zisukumane, zilisambaa zikielemea upande mmoja wa mstari. Nadharia ilitabiri hivyo, na hapa yameonekana atomu kwa atomu. Semikonda haimpi mtu nafasi hiyo.

Nisichokubali ni kuiita kazi hii hatua ya kufikia kompyuta ya kwanta, ile inayokokotoa kwa kanuni za chembe ndogo. Wazo la mwanafizikia Alexei Kitaev la kuunda kompyuta hiyo kwa anyoni linahitaji njia zao zisukwe kama nywele, na mstari hausukiki. Kwa hilo natazama jaribio la Harvard la mwaka 2023: atomu mbili tu kwenye bapa la vituo 16, zikiwa katika hali ya Laughlin, mpangilio wa pamoja ambamo anyoni huweza kuzuka. Ni chache mno, lakini pa kuzungukia papo. Kazi ngumu ni kuziongeza bila kuzipasha moto, na huko ndiko ningependa juhudi zielekezwe.